Hela ya Jicho Moja

Hela niliyonayo ni ya jicho moja.
Fundi Semkiwa ametandika kanga kuukuu mezani,
Barabara ya Kumi na Mbili, nyuma ya duka la baiskeli,
akapanga lenzi tatu kama apangaye mafungu ya dagaa:
hii pana, hii ndefu, hii ya kawaida.
"Chagua. Ila usizipumulie.
Tanga hii ukungu huota hata kwenye kioo."

Nikaanza na ile pana.
Nikaielekeza mtaani: mfereji, paa, paka, mabati,
vyote vikaingia bila kusukumana,
nguzo ya umeme ikajipinda pembeni kama mlevi.
Wapiga picha wa magofu huipenda hii.
Chumba cha hatua sita hukifanya uwanja,
ufa huwa bonde,
nawe umesimama tu mlangoni
unazoa nyumba nzima kwa koleo moja.
Mwaka juzi niliazima kama hiyo
nikaenda nayo Kwashembago, kwenye kiwanda cha mkonge.
Korona (mashine, si maradhi) ilikuwa imelala na kutu yake menoni.
Nikarudi na picha mia mbili za ukubwa.
Mama akazitazama kwenye simu, akipunguza mwanga,
akauliza, "Hapa ni wapi?"

Mama, aliyezaliwa pale.

Ile ndefu ina adabu ya mpelelezi.
Unabaki barabarani, nje ya senyenge,
unakivuta kitasa cha mlango kije chenyewe,
bila hodi, bila mbigili kwenye soksi.
Lakini hicho ulichokivuta huja kimebapa,
kama kitu kilichokaliwa.

Kuna gofu, na kuna hame.
Gofu ni habari ya paa: likianguka, tayari.
Hame ni habari ya watu. Paa laweza kuwa zima,
milango ikafungika vizuri, na bado hame,
maana neno lenyewe lina miguu ndani yake,
kuna mtu aliyejitwika godoro akahama.

"Na hii?" nikauliza.
Fundi akaona haya kidogo. Milimita hamsini,
pete ngumu, ukungu ukingoni sawa na punje ya choroko.
"Hiyo haina ujanja. Inaona kama unavyoona wewe."
Akapunguza bei kabla sijasema.

Jumamosi nikaingia kambini nayo,
safu ya vyumba vya manamba, namba bado mlangoni,
41, rangi nyeusi, kwa mkono wa mtu mwenye haraka.
Babu alitoka Kibondo na jina,
hapa wakamwandika hivyo.
Nikainua kamera: chumba hakikuenea.
Nikarudi nyuma. Hakikuenea.
Nikarudi mpaka mgongo ukagusa ukuta,
na nilipogeuka kuona nilichokiegemea
palikuwa na doa la mafuta ya nazi,
kimo cha mtu aliyeketi,
mahali kichwa kilipopumzika kila jioni kwa miaka.

Ningekuwa na ile pana nisingefika kwenye ukuta huo.

Dirisha na doa havikukubali kukaa pamoja.
Nikapiga doa. Mara moja.

Mshika mawili, moja humponyoka, sawa;
mimi niliyeshika moja
yaliyoniponyoka sikuyahesabu.

Mama hakuuliza ni wapi.
Aliishika simu kwa mikono miwili,
akaisogeza mbali, akaisogeza karibu,
kama anayetafuta kituo cha redio.
Kisha kidole chake kikatoka nje ya picha,
kikatua juu ya kitambaa cha meza.
"Hapa," akasema, "palikuwa na msumari wa kandili.
Bado upo?"

Sikujua.
Nimefuta kioo kwa ncha ya fulana, nimechaji betri.
Kesho narudi,
hatua mbili kushoto.